Shule yetu inataka kufanya siku ya uelewa kuhusu ulemavu na usonji, tuifanyeje bila kuwaanika watoto?

Mwl_wa_Pwani

Habari za muda huu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku mkoa wa Pwani, nafundisha darasa la pili. Mwaka huu tumepokea mtoto ambaye hospitali walishamwambia mama yake ana usonji. Mtoto mpole, hesabu za kujumlisha anawaacha wenzake mbali, ila kengele ikigongwa anaziba masikio na kuingia chini ya dawati, na kengele yetu yenyewe ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwembe hapo hapo nje ya dirisha letu, ikigongwa hata mimi mtu mzima nashtuka. Halafu ana kawaida ya kurudia maneno ya makonda, "Mlandizi Chalinze, Mlandizi Chalinze, siti zipo siti zipo", anaweza kwenda nayo kipindi kizima, wenzake wanacheka na wengine wameshaanza kumuigiza.

Sasa wazazi kadhaa wamekuja ofisini wanataka watoto wao wahamishiwe mkondo mwingine. Mmoja anasema mwanaye ataiga, mwingine anaamini kabisa kwamba inaambukiza. Na si huyo mtoto peke yake, kuna binti wa darasa la tano ana ualbino, mstarini anavuliwa kofia na mwalimu wa zamu kwa sababu eti siyo sehemu ya sare, na kuna kijana wa la sita ana kifafa, akianguka wenzake wote wanatimua mbio maana wameambiwa nyumbani kwamba mate yake yakikugusa na wewe unapata.

Mkuu wa shule ana nia njema sana, hilo niliseme. Ameamua Aprili 2 ambayo ni siku ya usonji duniani tufanye tukio, tuwe na bango, tisheti, diwani aalikwe, na hao watoto watatu wasimame mbele watambulishwe ili shule nzima iwajue na iwapende. Kazi ya kuandaa nimepewa mimi. Nataka kuifanya vizuri lakini hapo kwenye kuwasimamisha watoto roho yangu inakataa, na sina maneno ya kumweleza mkuu akanielewa. Waliowahi kufanya jambo kama hili shuleni, au wenye watoto wa aina hii, naombeni mnisaidie.

MamaMkuranga

Mwalimu nakuomba kwa heshima zote, usimsimamishe mtoto mbele. Nakuomba kama mama.

Wangu ana usonji, sasa hivi ana miaka 11. Shule aliyokuwa mwanzo (siitaji) walifanya hivyo hivyo, wakamuita mbele, mc akasema mpigieni makofi mwenzenu, wakapiga makofi shule nzima kwa mpigo. Mtoto ambaye tatizo lake kubwa ni kelele! Alipiga yowe mpaka akajikojolea, mbele ya wageni waalikwa. Toka siku hiyo jina lake likawa "Usonji", mpaka leo tukipita kwenye ile mitaa kuna watoto wanamuita hivyo, we Usonji njoo. Kwa hiyo walijua neno lakini yeye hawakumjua hata kidogo.

Kama unataka kusema chochote kinachomhusu, kaa na mama yake kwanza, muulize yeye anataka wenzake wa darasani waambiwe nini na wasiambiwe nini, wapo wazazi wanaotaka kusema wazi na wapo ambao hata shangazi wa mtoto hajaambiwa. Huo ni uamuzi wao siyo wa shule. Na mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza naye aulizwe, yule wa la sita ni mkubwa huyo, ana akili zake na ana aibu zake.

Halafu hili la kurudia maneno ya konda. Watu wanadhani ni upuuzi tu. Wangu akisema "mwisho wa gari, tushuke wote" maana yake amechoka, anataka kuondoka mahali hapo. Aliyasikia kwenye daladala akayashika. Ilinichukua muda kujua, nilivyojua nikawaambia walimu wake na vurugu zikapungua sana kwa sababu akisema tu hivyo wanamtoa nje dakika chache apumue. Mara nyingine ni kujituliza tu, kama sisi tunavyotikisa mguu. Muulize mama yake hiyo siti zipo anaisema wakati gani, inawezekana kabisa anakuambia kitu.

Na hao wanaosema inaambukiza waambiwe waziwazi na mtu anayeheshimika, mganga mkuu wa zahanati au nesi aje. Usonji mtoto anazaliwa nao, ni namna ubongo ulivyojijenga, hauambukizi, siyo chanjo, siyo malezi mabaya, siyo kwamba mama alitembea usiku akiwa mjamzito. Hiyo ya mwisho mimi niliambiwa na ndugu wa damu.

Kibopa_Ilala

Pole mwalimu ila mimi nitasema tofauti na sina nia ya kumuudhi mtu. Haya masiku ya uelewa yanaishia kwenye picha. Wewe una watoto wangapi darasani, themanini? mia? Mwalimu mmoja. Huyo mtoto utamwangalia saa ngapi. Mimi naona haki yake ni kupelekwa penye kitengo, kuna walimu waliosomea hayo mambo na darasa ni dogo, hapa Dar Uhuru Mchanganyiko wapo, Msimbazi Mseto wapo na wana watoto wenye usonji kabisa. Kumuacha akae chini ya dawati huku tunavaa tisheti ni kumtesa. Badala ya bango hiyo hela ingekuwa nauli yake.

Mwl_Kitengo

@Kibopa_Ilala umesema jambo zito na sehemu yake nakuunga mkono, tisheti hazisaidii. Lakini mimi ndiyo mwalimu wa kitengo mwenyewe, elimu maalumu nimeisomea Patandi kule Tengeru, na nakwambia siyo kila mtoto mwenye usonji anafaa kuja kwetu. Mtoto anayejumlisha kuliko wenzake akae na wenzake. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokelewa shule ya serikali au ya binafsi, na asome shule ya kawaida isipokuwa pale mawasiliano yake yanapohitaji utaratibu maalumu. Siyo hisani ya mkuu wa shule. Na tukisema kila mmoja aende kitengo, vitengo vyenyewe viko wapi, halmashauri nyingine unakuta viwili vitatu na mtoto wa kijijini atalala wapi.

Sasa mwalimu wa Pwani, sikiliza. Anzeni na nyinyi walimu wenyewe kabla ya watoto. Siku moja baada ya vipindi mkae ofisini, mlango mfunge, mseme ukweli. Maana aliyemvua binti kofia ni mwalimu siyo mwanafunzi. Watoto wanaiga yule mtu mzima wa mbele, mwalimu akimuita mtoto zezeta mara moja tu, darasa limeshapata ruhusa.

Kengele: hamisheni hiyo rimu! Haina gharama, ni kamba tu, ipelekeni upande wa jikoni au stoo. Isipowezekana, mtoto ajulishwe kabla, mpe kiranja wa zamu kazi ya kupita dirishani akuonyeshe ishara kabla hajaenda kugonga, na mtoto aruhusiwe kuziba masikio bila mtu kumgombeza. Wengi hawa kelele ya ghafla ndiyo inawaumiza, ile anayojua inakuja anaivumilia. Mkalishe pembeni ambapo haguswiguswi na kila anayepita, akae na mwenzake mtulivu yule yule kila siku. Ratiba ichoree kwenye karatasi uibandike kwenye dawati lake, hesabu, kusoma, uji, kucheza, na siku ratiba ikibadilika mwambie asubuhi.

Halafu kuna wengine ambao hujawataja na mimi najua wapo darasani kwako kwa sababu wapo kila darasa. Yule asiyekaa kitini dakika mbili, yule anayeitwa mvivu wa kusoma, yule anayeota ndoto za mchana akitazama dirishani. Kabla hujasema mtoto ni mjeuri, pima masikio na macho. Narudia, MASIKIO NA MACHO. Nimeshapokea watoto wameandikiwa "uelewa mdogo" kumbe sikio linatoa usaha tangu chekechea, hasikii nusu ya unachosema. Simama nyuma yake umuite kwa sauti ya kawaida uone. Mwandikie ubaoni akae mbali uone kama anakunja macho.

Kwenye kusoma, mtoto wa la kwanza akisoma "dada" badala ya "baba" usiogope, b na d zinawachanganya karibu wote na wengi wanaacha. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao siyo wa uvivu, kwa Kiswahili chetu anajionyesha zaidi kwenye mwendo, kwa sababu silabi zetu zinasomeka jinsi zilivyoandikwa, kwa hiyo anaweza kusoma sahihi lakini polepole mno, silabi moja moja, ka, ra, ta, si, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo ameshausahau. Akiwa la tatu au la nne bado yuko hivyo na kwa mdomo anajibu vizuri, hapo siyo uvivu. Muulize maswali kwa mdomo, mpunguzie kunakili ubaoni, usimsomeshe kwa sauti mbele ya darasa kwa kushtukiza.

Na viboko kwa watoto hawa jamani. Kanuni za 2002 ziko wazi, ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Huyu asiyetulia anachapwa na kila mwalimu anayepita kwa kitu ambacho ubongo wake haujaweza kukizuia. Mtume akafute ubao, akagawe madaftari, apate kusimama kwa halali, utaona.

Kijana wa kifafa: shule nzima ifundishwe kwa vitendo, hilo ndilo somo zuri kuliko yote mtakayotoa siku hiyo. Mwalimu alale chini kama ameanguka, watoto waje: ondoa madawati karibu, weka sweta chini ya kichwa, legeza kola, degedege likitulia mgeuze alale ubavu, usimkandamize, USIMTIE kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5, au akianza tena kabla hajazinduka, hapo ni hospitali mbio. Mate hayaambukizi. Na dawa zipo, WHO wanasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka wakipata dawa sahihi, lakini lazima anywe kila siku bila kuruka, kwa hiyo muulizeni mzazi kama anazipata maana zahanati zetu zinaishiwa.

Jambo moja mimi sikubaliani nalo ingawa shule nyingi wanalifanya, ile ya kuwafunga watoto vitambaa usoni watembee kama wasioona. Wanaanguka, wanacheka au wanaogopa, wanaondoka na huruma tu. Mtu asiyeona amejifunza kutembea kwa miaka, siyo dakika tatu za kitambaa.

Jua_Kali_Kofia

Mimi ni mtu mwenye ualbino, mtu mzima sasa nina kazi yangu na familia, nimesoma shule hizi hizi. Nilivyofika kwenye kofia kuvuliwa mstarini nimelazimika kuandika.

Mwalimu mwambie huyo mwenzako wa zamu kwamba kwetu kofia ni dawa. Kansa ya ngozi ndiyo inatumaliza wengi tukiwa bado vijana na inaanza na mistari kama hiyo ya asubuhi, jua la saa mbili la Pwani unalijua mwenyewe, matangazo nusu saa. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, siyo kapelo, maana kapelo inaacha masikio na shingo. Shati la mikono mirefu hata kama wengine wanavaa mifupi. Asimame kivulini. Na mafuta, yapo ya Kilisun yanatengenezwa KCMC Moshi kwa ajili yetu, ulizeni hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino cha mkoa, apake asubuhi na arudie mchana.

La pili ambalo watu hawalijui kabisa, ni macho. Wote wanaangalia ngozi. Mimi nilikaa mbele lakini dirisha lilikuwa mbele yangu, mwanga wote usoni, ubao nauona unang'aa tu. Nilikuwa nasikiliza kisha nanakili kwa rafiki yangu jioni. Kwa hiyo kumuweka mbele peke yake haitoshi, dirisha liwe nyuma yake au pembeni, na aruhusiwe kuinuka kusogelea ubao muda wowote bila kunyoosha kidole. Huyo binti mtihani wa kumaliza shule ya msingi unakaribia, wahini kupeleka taarifa zake NECTA, baraza la mitihani, kwa sababu wenye uoni hafifu wanaandaliwa karatasi za maandishi makubwa na kuongezewa muda, ila shule ikizembea kwenye usajili anapewa karatasi ya kawaida na ndiyo imetoka hiyo.

Mkuu wa shule akitaka mtu wa kusimama mbele asimame mtu mzima aliyekubali mwenyewe. Tupo. Kuna walimu wasioona, kuna mafundi viziwi, kuna sisi. Mtoto wa miaka 10 kusimamishwa ili aonewe huruma na diwani ni kitu kinabaki mwilini, lakini akimuona mtu mwenye ngozi kama yake anaongea shule nzima inamsikiliza, usiku huo halali kwa furaha. Mlipieni tu nauli na chai. Mkikosa Pwani nzima niandikieni PM mimi nitakuja.

Baba_Kilifi

Nawasalimu kutoka upande wa Kenya. Hapa kwetu mtoto kabla ya kupangiwa shule anapelekwa kituo cha EARC, hivi vituo vilianza 1984, mwalimu wa huko anamfanyia assessment halafu anaandika kama atasoma shule ya kawaida, ama unit, ama special. Nyinyi mna mfumo kama huo? Maana iliyonisaidia mimi sana na kijana wangu ni ile karatasi. Kabla ya karatasi nilikuwa mzazi msumbufu, baada ya karatasi mwalimu mkuu akaniskiza. Sisemi eti ilimaliza mambo yote, kituo kiko mbali na ukifika unaweza ambiwa officer ako kwa mkutano, urudi wiki ingine.

Kitu nilikuwa nataka kuongeza ni wazazi. Mnaongea na watoto na walimu lakini hiyo hofu inatoka nyumbani. Sisi tuliweka ajenda kwa mkutano wa wazazi wa kawaida, ule wa matokeo, ambao kila mtu anakuja. Ukiita mkutano wa ulemavu peke yake watakuja wale wenye watoto walemavu tu, wale wenye hiyo hofu hawaji. Dakika ishirini, nesi akaongea, mimi nikaongea, maswali yakaulizwa mengine ya kuumiza, nikajibu. Nyanya mmoja akaniuliza kama ni kurogwa. Nikamwambia mama, hata mimi nilienda kwa waganga, pesa ikaisha, mtoto akabaki vile vile, kilichomsaidia ni kufundishwa polepole. Huyo nyanya ndiye sasa anamchukua kijana wangu kutoka shule siku nikichelewa.

Mwl_Kitengo

@Baba_Kilifi huku mwalimu anaanzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, yeye ndiye anayepanga upimaji na kuunganisha na hospitali. Mwalimu wa Pwani mtafute huyo wiki hii, muandikie barua kupitia kwa mkuu wa shule, usiishie kumpigia simu.

Kibopa_Ilala

Nimesoma yote. Mama Mkuranga pole sana kwa yaliyomkuta mtoto. Bado nasimama palepale kwamba mwalimu mmoja na watoto mia ni tatizo ambalo hakuna rimu itakayolitatua, serikali iajiri. Lakini nakubali kwamba kuhamisha rimu hakuhitaji bajeti.

Mwl_wa_Pwani

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani ya nusu muhula.

Nilimpelekea mkuu wa shule simu yangu nikamwambia mkuu naomba usome hapa, na hasa ya Mama Mkuranga. Alisoma amesimama, alivyofika kwenye makofi akakaa. Hakusema mengi ila kuwatambulisha watoto ameshakufuta. Rimu imehamia stoo ya mahindi nyuma ya jiko, walimu wawili wa la saba wakalalamika hawaisikii vizuri, wakaambiwa wavae saa. Binti kofia yake anavaa, imetangazwa mstarini kama utaratibu wa shule kwa yeyote mwenye sababu ya kiafya, bila kumtaja jina.

Mama wa mtoto wangu nilikaa naye. Amesema wenzake waambiwe kwamba kelele zinamuumiza masikio na kwamba asisukumwe, basi, neno usonji lisitajwe darasani kwa sasa. Nikamuuliza na ile siti zipo. Akacheka akasema nyumbani anaisema akitaka mtu akae karibu naye. Mimi nilikuwa namnyamazisha huku yeye anakaribisha watu! Sasa jirani yake wa dawati akisikia siti zipo anamwambia nimekaa, na mtoto anatulia anaendelea na kazi, siyo kila mara lakini mara nyingi.

Aprili 2 tumeona tusiing'ang'anie, inaweza kutukuta likizo, na Desemba 3 ya watu wenye ulemavu ndiyo kabisa, ni mwisho wa mwaka, shule zinafungwa au zimeshafungwa. Tutaanza na kikao cha walimu, halafu mkutano wa wazazi wa matokeo kama alivyosema baba wa Kilifi, halafu somo la kifafa kwa darasa la tatu hadi la saba. Kijana mwenyewe wa la sita nilimuuliza faragha, akasema anataka awepo na yeye ndiye aonyeshe jinsi ya kumgeuza mtu ubavu, yaani awe mwokoaji badala ya anayeanguka. Jua Kali Kofia nakuja PM.

Limebaki moja. Yule mzazi anayesema inaambukiza bado anataka mwanaye ahamishwe mkondo na mkuu anauliza tumhamishe yaishe au vipi.

MamaMkuranga

Mwalimu hapo kwenye siti zipo nimelia.

Huyo mzazi msimhamishie mtoto kabla ya mkutano. Mkihamisha mmoja kwa sababu hiyo wiki ijayo wanakuja kumi na mtakuwa mmewathibitishia wote kwamba inaambukiza. Mwambieni mlango uko wazi, aje akae nyuma ya darasa asubuhi nzima aone mwenyewe. Na siku ya mkutano nesi aanze na hilo la kuambukiza kabla ya mengine yote, watu wakiwa bado hawajachoka. Mama yake huyo mtoto kama anataka mtu wa kukaa naye siku hiyo mpe namba yangu, nikutumie PM, kutoka Mkuranga siyo mbali.